Somo la Afya: Sikio la Ndani Likiumia, Mwili Hujifunza Upya Kusimama

Katika zahanati na vituo vya afya vya kaunti za Pwani hufika wakazi wanaolalamika kwamba dunia inazunguka. Baadhi yao huwa wamepitia kwanza kwa tabibu wa mitishamba. Wengine wamekaa ndani mwezi mzima kwa kuogopa kuanguka, na wengine wamekwisha kuitwa walevi au wenye pepo. Kwa wengi wao ugonjwa hauko tumboni wala kwenye akili. Uko ndani ya sikio.

Somo hili linaeleza jinsi sikio linavyoushika mwili usianguke, mambo yanayoliharibu, na namna mtu anavyoweza kupata nafuu. Linaeleza pia mahali mitishamba inaposaidia na mahali inapoishia. Jambo kubwa la kushika ni hili: sehemu ya sikio la ndani iliyokufa hairudishwi kwa mti wala kwa kidonge, lakini ubongo unaweza kujifunza upya kusimama, na mwalimu wake ni mwendo.

Sikio lina kazi mbili

Watu wengi huamini kwamba sikio ni la kusikia tu. Nyuma ya kiwambo cha sikio, ndani ya mfupa mgumu wa fuvu, kuna vyumba vidogo vilivyojaa maji. Upande mmoja kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, nacho ndicho cha kusikia. Upande wa pili kuna kiungo cha mizani ya mwili. Kina mifereji 3 iliyopinda mfano wa nusu duara, na vifuko 2 vidogo.

Mifereji hupima kichwa kinapogeuka: kwa kuitikia, kwa kukataa, au kwa kulalia begani. Vifuko hupima mwili unapokwenda mbele, unapopanda au kushuka, na kuueleza ubongo chini ni wapi na juu ni wapi. Ndani yake mna chembechembe za chokaa zilizolala juu ya utando laini.

Katika mifereji na vifuko hivyo mna seli zenye vinyweleo. Mtu akiizungusha ndoo ya maji kwa ghafla, ndoo hugeuka lakini maji hubaki nyuma kidogo. Ndivyo yalivyo maji ya sikio. Kichwa kinapogeuka maji huchelewa, hupinda vinyweleo, na seli hupeleka habari ubongoni. Kwa binadamu, seli hizi zikifa haziwezi kuota tena kwa kiasi cha kurudisha kazi yake. Kuku na ndege wengine huweza kuotesha mpya, binadamu hawezi.

Sikio la ndani pia huyaongoza macho. Kichwa kikienda kulia, macho huenda kushoto kwa kasi ileile. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma kibao cha matatu huku anatembea, na maandishi yasiruke.

Masikio mawili hufanya kazi kama vijana wawili waliobeba mzigo kwa mpiko. Mmoja akijikwaa ghafla, mzigo wote huyumba hata kama mwenzake yu mzima. Ndivyo sikio moja linapoumia: ubongo hupokea habari nyingi kutoka upande mmoja na chache kutoka upande wa pili, ukadhani mwili unazunguka. Hapo ndipo kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika huanza.

Hata hivyo ubongo hautegemei sikio peke yake. Hupokea habari pia kutoka kwa macho, na kutoka kwa nyayo, misuli na viungo. Hivyo mtu mwenye sikio lililoumia anaweza kutembea vizuri mchana barabarani, akayumba usiku kwenye mchanga. Gizani macho hayamsaidii, na mchanga huzinyima nyayo habari ya uhakika.

Yanayoharibu sikio la ndani

Si kila kizunguzungu hutoka sikioni. Upungufu wa damu, presha, sukari iliyoshuka, ujauzito, njaa na baadhi ya dawa vyote huweza kumfanya mtu aone giza au ahisi wepesi wa kichwa. Kizunguzungu cha sikio mara nyingi huwa cha kuzunguka kweli kweli, nacho huzidi kichwa kinaposogea. Sababu zake kuu ni hizi:

1. Chembechembe za chokaa kutoka mahali pake. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Mtu hupatwa akijigeuza kitandani, akitazama juu kuangua embe, au akiinama kusujudu. Kizunguzungu huwa kikali lakini kwa kawaida hakifiki dakika 1. Hapa seli hazijafa. Chembe zimeingia tu katika mfereji usio wake.

2. Uvimbe wa neva ya mizani, ambao mara nyingi hufuata maambukizi ya virusi. Huanza ghafla, hudumu siku kadhaa na mgonjwa hutapika sana. Usikivu ukipungua pamoja nao, uvimbe umeingia hadi kwenye sehemu ya kusikia.

3. Ugonjwa wa Ménière, uliopewa jina la daktari Mfaransa Prosper Ménière aliyeueleza mwaka 1861. Huja kwa vipindi vya kuanzia dakika 20 hadi saa 12, pamoja na sikio kuvuma, kujaa na kupungua kusikia.

4. Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu. Usaha unaoachwa miaka unaweza kula mfupa hadi ukafika sikio la ndani. Mtoto mwenye usaha sikioni asiambiwe kwamba ataacha akikua.

5. Homa ya uti wa mgongo, na majeraha ya kichwa, yakiwemo ya ajali za bodaboda.

6. Kupiga mbizi. Mzamiaji anayeshuka na sikio lililoziba, kisha akalazimisha kulizibua kwa nguvu, anaweza kupasua utando wa sikio la ndani.

7. Baadhi ya dawa za sindano. Gentamicin na streptomycin hudhuru zaidi mizani ya mwili, nazo kanamycin na amikacin hudhuru zaidi usikivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamycin isitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na dawa za kumeza zikapewa nafasi ya kwanza. Gentamicin bado huokoa maisha, hasa ya watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, kwa hiyo mtu asiikatae. Afanye hivi: amweleze daktari kama ana ugonjwa wa figo, au kama ana jamaa wa upande wa mama waliopata uziwi baada ya kudungwa sindano za aina hiyo. Akianza kusikia mvumo au kuyumba wakati wa matibabu, aseme siku hiyohiyo.

Ubongo hujifunzaje?

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, nchini Uingereza, daktari wa masikio Terence Cawthorne na mwenzake Cooksey walikuwa wakitibu watu walioumia kichwa au waliofanyiwa upasuaji wa sikio. Waliona kwamba wagonjwa walioanza mapema kusogeza kichwa na kutembea walipona upesi kuliko waliolala kitandani wakingoja kizunguzungu kiishe. Wakatunga mazoezi ya kupanda ngazi kwa ngazi: macho, kisha kichwa, kisha kukaa, kusimama na kutembea. Mazoezi hayo yangali yanatumika hadi leo, yakiwa yameboreshwa.

Sababu yake ni rahisi. Ubongo hurekebisha kosa pale tu unapoliona. Mtu anapogeuza kichwa na maandishi yakaruka mbele ya macho, ubongo hupokea habari kwamba macho yamekosea, nao hurekebisha kidogo. Akigeuza mara mia, hurekebisha mara mia. Asiyegeuza kichwa kabisa hana kosa analoliona, na ubongo wake hauna somo.

Mwaka 2015 wakaguzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 39 zilizohusisha watu 2,441 wenye tatizo la sikio moja. Walihitimisha kwamba mazoezi haya ni salama na yanaleta nafuu.

Masikio yote mawili yakiharibika, kazi huwa ngumu zaidi. Mwaka 1952 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha maelezo ya daktari mmoja aliyepoteza mizani ya masikio yote mawili kwa sababu ya streptomycin. Alieleza kwamba hata mapigo ya moyo wake yalitosha kuyarusha maandishi, na ili asome ilimbidi akibane kichwa kati ya vyuma vya kitanda. Kwa muda alijifunza kutegemea macho na miguu, ingawa hakurudi alivyokuwa. Mgonjwa wa namna hii aambiwe ukweli mapema: atapata nafuu kwa mazoezi, lakini huenda akahitaji fimbo, na taa usiku, kwa maisha yake yote.

Mitishamba: inaposaidia

Wakazi wengi hutumia mitishamba, na hakuna sababu ya kuificha. Baadhi yake husaidia kupunguza dalili.

*Tangawizi* ndiyo yenye ushahidi ulio wazi zaidi. Hupunguza kichefuchefu, na kikombe cha chai ya tangawizi kinaweza kumsaidia mgonjwa kula na kunywa katika siku za kwanza. Mwaka 1986 watafiti wa Denmark waliwapa watu 8 wenye afya unga wa tangawizi, kisha wakawasababishia kizunguzungu kwa kutia maji sikioni. Waliopata tangawizi walihisi kizunguzungu kidogo zaidi kuliko walipopewa unga usio na dawa. Lakini mtikisiko wa macho unaotokana na sikio haukubadilika. Jaribio hilo dogo linaonyesha mpaka ulipo: tangawizi ilituliza hisia, haikugusa chanzo.

*Uji, maji ya madafu na supu* si dawa, lakini anayetapika hupoteza maji na chumvi, na mwili mkavu huongeza kizunguzungu. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari aulize kwanza kuhusu madafu.

Mitishamba: sifa isiyo yake

Uvimbe wa neva ya mizani mara nyingi hutulia wenyewe. Kutapika huisha kwa siku chache, na kuyumba hupungua kwa wiki kadhaa kadiri ubongo unavyojifunza. Mti wowote utakaonywewa katika wiki hizo utapewa sifa. Jirani atasimulia kwamba alikunywa mizizi fulani siku 21 akapona, naye atakuwa anasema kweli kwamba alikunywa na kwamba alipona. Lililofichika ni kwamba katika siku hizo 21 alikuwa pia akienda kisimani, akigeuka kuitikia majina na kuinama kuwasha moto. Kazi ilifanywa na ubongo, shukrani ikaenda kwa mizizi.

Makosa kama haya si ya mitishamba ya kijijini peke yake. Vidonge vya majani ya mti wa ginkgo, ambao asili yake ni Uchina, huuzwa kwa bei ya juu kama dawa ya masikio. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 ulishauri visitumiwe kutibu mvumo wa sikio unaodumu. Tena vinaweza kuongeza kuvuja damu kwa mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda.

Hakuna mmea hata mmoja, wa hapa wala wa ng'ambo, uliothibitishwa kuotesha upya seli za mizani kwa binadamu. Anayeuza dawa kwa ahadi hiyo anauza ahadi tu.

Mitishamba: inapodhuru

Kuwa kitu ni cha mti si dalili kwamba hakina madhara. Kwinini, iliyotokana na gome la mti wa sinkona wa Amerika Kusini, iliponya malaria kwa mamia ya miaka, na bado ikizidi husababisha mvumo wa masikio, kupungua kusikia na kizunguzungu. Gome lenyewe ndilo lililotibu, na ndilo lililodhuru.

Mwarobaini unaweza kushusha sukari ya damu. Mwenye kisukari anayeunywa pamoja na vidonge vyake anaweza kupata kizunguzungu kipya, akadhani sikio limezidi kuugua, kumbe sukari imeshuka.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Dawa yoyote inayolewesha au kuleta usingizi mzito, iwe ya mti, ya chupa au ya kidonge, huuchelewesha ubongo kujifunza. Hata vidonge vya hospitali vya kutuliza kizunguzungu, kama prochlorperazine na cinnarizine, kwa ugonjwa ulioanza ghafla vinafaa siku 2 au 3 za mwanzo, mpaka kutapika kupungue. Anayevimeza miezi mitatu mfululizo bila ushauri anautuliza ubongo ambao ungepaswa kuwa kazini. Tembo la mnazi ni vivyo hivyo.

Kisitiwe kitu sikioni

Wapo wanaotia maji ya majani yaliyopondwa, mafuta ya moto au vitunguu saumu ndani ya sikio la mwenye kizunguzungu. Sikio la ndani liko nyuma ya kiwambo, na kiwambo kizima hakipitishi dawa hiyo. Kama kiwambo kimetoboka, kinachoingia kinaweza kuunguza na kuambukiza.

Lipo jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Maji yaliyo baridi kuliko mwili, au yenye joto kuliko mwili, yakiingia sikioni huleta kizunguzungu hata kwa mtu mzima asiyeumwa. Daktari Robert Bárány wa Vienna aligundua kwamba maji baridi huyatikisa macho upande mmoja na ya moto huyatikisa upande wa pili, na kwa kazi yake juu ya mizani ya sikio akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Kwa hiyo mgonjwa anayezungukwa mara baada ya kutiwa matone asiambiwe kwamba dawa imeshika. Iliyomzungusha ni baridi au moto wa maji.

Mazoezi ya nyumbani

Mazoezi haya ni ya mtu ambaye amekwisha kupimwa na kuambiwa kwamba tatizo ni la sikio la ndani, na kutapika kumepungua. Mwenye shingo iliyoumia asiyafanye bila kuelekezwa. Mzee awe na mtu wa kumsimamia.

*Hatua ya kwanza: macho.* Mgonjwa akae kitini. Atazame juu na chini, kisha kulia na kushoto, polepole halafu upesi, mara 20, kichwa kikiwa kimetulia. Kisha akitazame kidole chake akikivuta karibu na kukipeleka mbali.

*Hatua ya pili: kichwa na macho.* Herufi moja iandikwe kwa kalamu nzito kwenye karatasi, ibandikwe ukutani usawa wa macho, umbali wa mita 1 hivi. Mgonjwa aikazie macho huku akigeuza kichwa kidogo kulia na kushoto kwa sekunde 30 hadi 60. Apumzike, kisha afanye kwa kuitikia, juu na chini. Kasi iwe ile ambayo herufi bado inasomeka. Ikianza kuruka, apunguze kasi kidogo.

*Hatua ya tatu: kusimama.* Asimame kwenye kona ya nyumba, ukuta ukiwa nyuma yake na kiti mbele yake. Miguu iwe pamoja, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine. Akizoea, afumbe macho kwa sekunde chache.

*Hatua ya nne: kutembea.* Atembee kando ya ukuta akigeuza kichwa kulia na kushoto. Baadaye atembee uani, kwenye mteremko, kwenye mchanga, na wakati wa magharibi akiwa na mtu. Anaweza pia kurusha ndimu kutoka mkono hadi mkono juu ya usawa wa macho, akiifuata kwa macho na kichwa.

Mwongozo wa wataalamu wa tibamaungo wa Marekani wa mwaka 2016 ulitaka mazoezi ya hatua ya pili yafanywe mara 3 kwa siku, jumla isipungue dakika 12, kwa tatizo lililoanza karibuni. Kwa tatizo la muda mrefu jumla isipungue dakika 20 kwa siku.

Mazoezi yataleta kizunguzungu kidogo, na hiyo ndiyo dalili kwamba ubongo umepata somo. Kikitulia ndani ya dakika 20 au hivi, aendelee. Kikidumu saa nyingi, apunguze siku inayofuata, lakini asiache. Wengi huacha wiki ya kwanza kwa kudhani mazoezi yanawadhuru, na hapo ndipo hasara inapotokea.

Mwenye chembe zilizohama hahitaji mazoezi ya wiki nyingi. Mhudumu aliyefunzwa humlaza na kumgeuza kichwa kwa mpango maalumu, ulioelezwa na daktari John Epley wa Marekani mwaka 1992, mpaka chembe zirudi zilikotoka. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mara nyingi mtu hupata nafuu kwa kugeuzwa mara moja au mbili.

Kazi na usalama

Mpaka daktari aseme vinginevyo, mwenye kizunguzungu cha sikio asipande mnazi, asiendeshe bodaboda, wala asisimame juu ya paa. Anayezamia pweza au kamba aelewe hatari yake vizuri. Chini ya maji yenye giza macho hayaoni na nyayo hazikanyagi kitu. Kama masikio yote mawili yameharibika, mtu anaweza kuogelea kuelekea chini akidhani anapanda. Asizamie, na asiingie baharini peke yake usiku.

Nyumbani, njia ya kwenda chooni iwe na taa, mikeka iliyokunjamana iondolewe, na ndoo zisiachwe mlangoni. Kwa mzee, kuanguka mara moja kunaweza kuvunja nyonga. Anayezungukwa akisujudu aruhusiwe kuswali ameketi, na anayezungukwa akisimama kanisani apewe mahali pa kukaa. Jamaa na majirani wasimwite mlevi. Aibu humfungia mtu ndani, na aliyefungiwa ndani hapati mwendo unaomponya.

Dalili zisizongoja

Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiwa na mojawapo ya haya:

- Uso uliopinda, mkono au mguu uliolegea, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, au kushindwa kabisa kusimama. Huenda ni kiharusi.
- Sikio moja lililoacha kusikia ghafla. Ipo dawa inayoweza kuokoa usikivu, na hufaa zaidi ndani ya wiki 2 za kwanza.
- Kizunguzungu pamoja na usaha sikioni.
- Homa kali na shingo kukakamaa.
- Kizunguzungu baada ya kuumia kichwa au kupiga mbizi.

Katika hali hizi, kuanza na mitishamba ni kupoteza saa ambazo hazirudi.

Tabibu wa mitishamba na hospitali

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asili, na inataka pawe na utaratibu wa rufaa kutoka kwa wanaoitoa hadi vituo vya afya. Tabibu mwenye busara anayeijua orodha ya dalili hapo juu anaweza kuokoa maisha kwa kumsindikiza mgonjwa mapema. Mgonjwa naye amweleze mhudumu kila anachokunywa, na ikiwezekana alete majani au chupa yenyewe. Mhudumu asimkaripie. Akikaripiwa leo, kesho ataficha.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Wao humwelekeza mgonjwa kwenye hospitali yenye afisa wa kliniki wa masikio, pua na koo, na mtaalamu wa tibamaungo.

Mambo ya kukumbuka

1. Seli za mizani zilizokufa hazioti tena, lakini ubongo hujifunza kufanya kazi bila hizo.
2. Tangawizi hupunguza kichefuchefu. Hairudishi sikio.
3. Kisitiwe kitu chochote sikioni.
4. Dawa za kutuliza kizunguzungu kilichoanza ghafla ni za siku chache za mwanzo.
5. Mwendo wa kila siku, kwa hatua na kwa usalama, ndio tiba kuu.

Maswali ya kujadili katika kikundi au baraza

1. Kwa nini mtu mwenye sikio lililoumia huyumba zaidi gizani na kwenye mchanga?
2. Jirani anasema alipona kwa kunywa mizizi siku 21. Ni mambo gani mengine yangeweza kumponya katika siku hizo?
3. Katika kijiji chenu, ni kazi zipi ambazo mwenye kizunguzungu anapaswa kupumzishwa, na ni zipi zinazoweza kuwa mazoezi kwake?
4. Ni dalili zipi ambazo tabibu wa mitishamba akiziona anapaswa kumpeleka mgonjwa hospitali bila kukawia?